Kozi ya poker ya siku ya posho pale Katuba, nimeenda mara sita

Bandugu, kama kuko mutu anatafuta fasi ya kujifunza poker ya kweli hapa Lubumbashi, hii kozi ni muzuri sana. Minasema ivi juu mbele nilikuwa mutu wa kulipa kila relansi (mwenzako akiongeza jetoni) na karata yoyote ile, nione tu flopu kwanza, zile karata tatu za kwanza za mezani, na jetoni zangu njo zilikuwa zinaisha mbele ya za wengine.

Hapa bantu habachezee feza, ni jetoni tu za plastiki. Masomo mbili za kwanza mwalimu alitufundisha kutupa karata, basi. Kuko aina 169 za karata mbili za kuanza nazo na nyingi ni za kutupa, asi mbili zinakuja mara 1 kwa 221 kwa hiyo ukingojea izo tu utalala pale mezani, lakini 7 na 2 nayo usiilipie kabisa. Na ukiwa wa kwanza kusema unatupa zaidi, ukiwa kwa butoni, fasi ya kusema mwisho kisha flopu, unaweza kufungua kidogo, ni kusema kucheza karata mingi zaidi, umeshaona wenzako karibu bote bamefanya nini.

Kile kilinifungua macho ni hesabu. Mu poti (jetoni zenye ziko kati ya meza) kuko 6.000, mwenzako anatia 3.000, weye unalipa 3.000 juu ya kupata 9.000, ni kusema inafaa ushinde mara 1 kwa 4, ile ni 25 kwa mia. Uko na pike nne kisha flopu, zimebakia 9 za kutimiza kulere, ni kusema pike tano. Kwa karata moja yenye itakuja unafanya 9 mara 2, unapata karibu 18 kwa mia. Haifike! Unatupa, isipokuwa mwenzako angali na jetoni mingi za kukulipa kisha. Kama ametia tapi, jetoni zake zote, na utaona karata zote mbili zenye zimebakia, ni 9 mara 4, karibu 36 kwa mia, pale lipa bila woga.

Kwa blefu, kujifanya uko na karata nguvu, mwalimu anapita mbio, anasema tu usiblefu mutu mwenye analipa kila kitu. Ni kweli, lakini nilitaka zaidi.

Kibaya kabisa ni karata zenyewe, zimezeeka. Asi ya pike iko na kona yenye imekunjika, sasa kila mutu anaijua kwa mugongo, na ukijua karata ya mwenzako ile haiko poker tena. Nilimwambia mwalimu, "Papa, tuchange kila mutu franka 2.000 tupate mpya," akaitika.

Somo moja ni franka 5.000. Fika mbele ya saa nane, meza ni mbili tu.