Negativu za Baba, simu yangu na vifaa vya shilingi 3,700

Baba alituachia kopo la biskuti limejaa negativu, zile filamu za kamera za zamani ambazo picha husafishwa kutoka kwazo, nyingi za miaka ya 1980. Mwanzoni nilipeleka kumi kwenye duka moja mjini Kisumu ziskaniwe. Moja ikarudi na mkwaruzo ambao haukuwepo. Nikasema basi, zilizobaki nitazifanyia hapa hapa nyumbani Migosi.

Skana ya filamu siiwezi kwa bei, kwa hiyo nilinunua vitu vinne vya kuzipigia picha kwa simu, zikimulikwa kutoka chini: kibao cha taa za LED, kishikizi cha plastiki cha filamu ya milimita 35, mpira wa kupulizia vumbi na glavu za pamba.

Glavu msinunue. Saa nane mchana Kisumu hii, mikono inatoka jasho mpaka pamba inalowa. Naosha vidole, navikausha vizuri, nashika filamu pembeni.

Kibao ni kizuri ila kina vituko. Nilipolaza filamu juu yake moja kwa moja, simu ilinasa vidoadoa vya plastiki ya kibao pamoja na picha. Nikainua kishikizi kwa vifuniko vya soda, vitatu vitatu kila pembe, vidoa vikapotea. Halafu ukipunguza mwanga, mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu. Uwashe wote, uzime taa ya chumbani.

Kishikizi ndicho kilichonirudishia pesa yangu. Fremu moja ya filamu hii ni milimita 24 kwa 36 tu, kwa hiyo ikijikunja kidogo, uso wa mtu unatoka safi na pembeni kote ni ukungu. Zangu zilikuwa zimejiviringa kama maganda ya mti. Nilizilaza siku tatu kati ya karatasi safi chini ya kamusi na Biblia, ndipo zikakubali kuingia. Sasa zinakaa na vile vipakiti vya chembechembe vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, maana unyevu wa ziwa hauna huruma.

Mpira wa kupulizia, chukua mkubwa. Wangu ni wa saizi ya ndimu, unapuliza kama mgonjwa. Lakini hata hivyo usitumie mdomo: tone la mate likikaukia kwenye filamu, picha ikikuzwa linaonekana kama jipu.

Kosa langu kubwa lilikuwa upande. Nilielekeza kwa simu ule usiong'aa. Mama akatazama picha ya Baba gatini, akauliza, "Uruhu ni meli gani tena?" Kumbe ni MV Uhuru, ile feri ya kubeba mabehewa ya treni, imegeuka kama kwenye kioo! Niliipindua kwenye kompyuta, sikupiga upya.

Kazi inayochosha ni rangi. Negativu nyeusi na nyeupe unaigeuza iwe picha ya kawaida kwa GIMP, programu ya kompyuta ya bure, dakika moja umemaliza. Ya rangi ina utando wa chungwa, ukiigeuza watu wote wanakuwa wa buluu kama wamezama. Inabidi usawazishe nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake. Robo saa kwa picha moja, na bado Mama anakaa nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Hilo shati halikuwa la kijani, mwanangu. Nimelifua miaka sita, ni mimi nakwambia."

Nikaanza upya.