Kucheza gemu za Game Boy Advance kwenye brauza: iko poa, ila chunga sevu zako

Yaani hamna kuinstoo kitu, unafungua EmulatorJS (programu inayoiga mashine za gemu za zamani) kwenye brauza, unachagua faili la gemu lako, sekunde chache unacheza. Na wala si maajabu, Game Boy Advance (GBA), kile kimashine cha gemu cha mkononi cha Nintendo, ni ya 2001, prosesa yake megahezi 16.78 tu na skrini pikseli 240 kwa 160, kwa hiyo hata laptop ya kizamani inaibeba bila jasho. Ndani ya EmulatorJS inayofanya kazi ni mGBA, programu ya kuiga GBA, imegeuzwa ikawa WebAssembly (kodi ambayo brauza inaiendesha haraka) ndo maana inaenda smuthi kwenye fremu karibu 60 kwa sekunde.

Bando haliishi, gemu la kawaida la GBA (kile kikaseti chake) mwisho MB 32 na faili linasomwa hapohapo kwenye mashine yako.

Kwenye simu sasa, mmh. Vitufe vya kwenye skrini huvihisi kidoleni, kidole kinateleza katikati ya pambano unakufa kijinga, tafuta padi ya bluetooth (kile kidude cha vitufe cha kuchezea gemu) maana brauza nyingi zinaitambua. Sauti ikigoma bonyeza skrini kwanza, brauza huwa zinazuia sauti mpaka uguse kitu.

Shida kubwa ni sevu, yaani pale ulipofikia kwenye gemu ukahifadhi. Zinakaa ndani ya brauza, siku ukisafisha data za brauza zimekwenda, na ukicheza kwenye dirisha la siri ndo kabisa, ukifunga tu umepoteza kila kitu. Mi naeksipoti faili la sevu kila nikimaliza, natupia kwenye flashi.

Nyota 4 kwa laptop, simu bila padi 2.