Ripoti ilisema gari halijawahi kugongwa: uzoefu wangu wa kununua na kuuza

Nilinunua ripoti ya historia ya gari kabla ya kulinunua gari lenyewe, nikaisoma mara mbili, nikaiamini, na miaka 3 baadaye nikaja kujua, nikiwa nimesimama mbele ya mtu aliyetaka kulinunua kwangu, kwamba gari hilo liliwahi kugongwa vibaya nyuma, upande wa kulia. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya vitu viwili nilivyovilipia: ripoti hiyo, ambayo mtoaji wake sitamtaja, na kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi nilichokinunua baada ya kuumbuka.

Ripoti yenyewe ilikuwa safi na ya kupendeza. Ukiingiza nambari ya chasisi, ile yenye tarakimu na herufi 17 isiyotumia herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0, baada ya dakika chache unapata kurasa kadhaa zenye alama za kijani: idadi ya wamiliki, kilomita zilizosomwa katika kila ukaguzi, kama gari lina deni, kama liliwahi kuripotiwa kuibiwa. Kwenye mstari wa ajali paliandikwa kwamba hakuna tukio lililopatikana. Mimi nilisoma kwamba hakuna ajali iliyotokea. Sentensi hizo mbili hazifanani hata kidogo, na laiti ningeliona hilo siku ile, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Katika miaka 3 niliyoliendesha, gari lilijaribu kuniambia. Tairi la nyuma la kulia lilikuwa linalika upande wa ndani kuliko mengine, nikasema ni barabara. Nikifika kilomita 90 kwa saa, upepo ulipiga mluzi kwenye mlango wa nyuma, nikasema ni mpira umechoka. Kila nilipoliosha kwa maji mengi, siku ya pili nilikuta unyevu kwenye shimo la tairi la akiba chini ya zulia la buti, nikafuta na kufunika. Kila jambo nililipatia sababu yake, na sikuwahi kuyaweka yote matatu pamoja, ilhali yote yalikuwa kona moja ya gari.

Siku ya kuuza alikuja kijana mpole akiwa na fundi wake. Nilimweleza bila kusita kwamba gari halijawahi kugongwa, nikamwonyesha na ripoti. Yule fundi hakuisoma. Alitoa mfukoni kipima unene wa rangi kinachotoshea kiganjani, akakigusisha kwenye paa: 112. Boneti: 108. Mlango wa mbele wa kulia: 121. Mlango wa nyuma: 295. Kisha akafika kwenye ubavu wa nyuma, juu ya upinde wa gurudumu, na namba zikaruka: 640, 910, na karibu na bampa 1,300. Hapo ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza, akaniomba nifungue buti. Akainua zulia, akamulika taa ya simu kwenye maungio ya bati, akanionyesha gundi ya kuzibia iliyokuwa imepakwa kwa mkono, mabonge hapa na utelezi pale, wakati upande wa kushoto gundi kama hiyo ilikuwa imenyooka kama uzi. Vile vishimo vidogo vya mviringo vinavyoachwa na mashine ya kulehemu ya kiwandani, vinavyofuatana kwa nafasi sawa, upande wa kulia havikuwapo. Kulikuwa na mshono uliosagwa na kupakwa rangi juu.

Yule kijana hakunifokea. Aliniambia tu, “Kaka, gari ni zuri, lakini siyo gari ulilonieleza,” akaaga. Ningeona nafuu kama angenifokea.

Niliagiza ripoti mpya usiku uleule. Bado ilikuwa ya kijani tupu. Nikaandika kulalamika, nikajibiwa kwa adabu kwamba ripoti hukusanya taarifa zilizopokelewa kutoka vyanzo mbalimbali na kwamba haihakikishi kuwa gari halijapata ajali, kama masharti yanavyoeleza. Niliyatafuta masharti hayo na kweli yanaeleza, mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo ambayo ninakiri sikuwahi kuyafikia.

Nikitulia na kuwa mwadilifu, sidhani kama walinidanganya. Walichoniuzia ni kumbukumbu ya makaratasi, nami nikaichukulia kama uchunguzi wa chuma. Ajali huingia kwenye kumbukumbu pale tu mtu anapoiandika: kampuni ya bima inayolipa madai, polisi wanaofungua faili, mnada unaolipanga gari daraja. Huko Uingereza, kwa mfano, gari ambalo bima imeamua kutolirejesha barabarani kwa gharama yake hupewa herufi, na tangu 2017 herufi S humaanisha kwamba muundo wa gari uliumia, N kwamba haukuumia. Kwenye minada ya Japani, karatasi ya mnada huandikwa R kwa gari lililogongwa na kutengenezwa, na mchoro wake huonyesha kwa XX kipande kilichobadilishwa. Hizo ni taarifa za thamani kubwa kwa anayezipata. Lakini mwenye gari akigonga nguzo usiku, akaenda kwa fundi bodi anayemfahamu na kulipa taslimu, hakuna karatasi inayozaliwa, na pasipo karatasi hakuna ripoti itakayojua lolote. Gari likivuka mpaka, hata karatasi iliyopo mara nyingi hubaki nyuma. Zaidi ya hayo, magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayatumii nambari ya tarakimu 17 bali nambari fupi ya fremu, hivyo huduma nyingi za aina hii haziwezi hata kuanza kuyatafuta.

Kwa hiyo ripoti ninaipa sifa yake inayostahili: kwa kilomita ni nzuri sana. Huduma hizi zilipoanza Marekani katika miaka ya 1980, lengo lilikuwa kuwakamata wanaorudisha mita nyuma, na hadi leo hapo ndipo penye nguvu zake. Kwa deni na wizi pia ningeilipia tena. Kwa ajali, alama nyekundu iaminike na alama ya kijani isihesabiwe kitu.

Sasa kifaa. Kipima rangi hupima umbali kati ya ncha yake na bati lililo chini ya rangi, kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya mikroni 80 na 180 hivi. Mtu akipuliza rangi mara ya pili utaona mia mbili na kitu au mia tatu na kitu. Na puti, ule ujazo wa kusawazisha bati lililobonyea, ikiwapo, namba hupanda mamia hadi maelfu. Nilinunua cha kawaida kinachopima chuma na alumini, maana cha bei rahisi zaidi husoma chuma pekee, na siku hizi boneti nyingi ni za alumini. Huja na vibati vya kusawazishia, na wiki ya kwanza nilivipuuza, nikawa napata namba za ajabu kila asubuhi. Ukisawazisha kila unapoanza, hutulia. Kwenye bampa za plastiki hakisomi chochote, na hiyo ni hasara kubwa kwa sababu bampa ndiyo hupokea pigo la kwanza.

Nilichojifunza kwa kukitumia (na nilikitumia mno, hata shemeji yangu akaanza kuegesha gari lake mbali na langu) ni kwamba usitafute namba kubwa bali utafute tofauti. Gari zima likisoma 170, sawa. Gari likisoma 110 kote na mlango mmoja 260, kuna swali la kuuliza, na mara nyingi jibu ni mkwaruzo wa maegeshoni usiohusu ajali yoyote. Mlango uliopakwa rangi si dhambi. Sehemu zinazonitisha ni zile zisizofunguliwa kwa spana: nguzo za milango, paa, ubavu wa nyuma, maana hizo ni mwili wenyewe wa gari, na ili kuzibadilisha ni lazima ukate na kulehemu. Kwa upande mwingine, kifaa kinaweza kupitwa kirahisi. Mtu akifungua mlango mzima wa rangi ileile kutoka gari lililokatwa na kuufunga kwenye gari lako, utasoma 115 safi kabisa. Hapo husaidia macho: rangi iliyochubuka kwenye vichwa vya bolti za bawaba, kioo kimoja chenye mwaka tofauti na vingine kwenye chapa yake, taa moja ya mbele ang’avu na mwenzake imefifia.

Jambo ambalo kifaa hakiwezi kabisa kulijua ni mifuko ya hewa, nalo ndilo ninaloliogopa kuliko puti. Taa yake kwenye dashibodi inapaswa kuwaka unapowasha swichi kisha izime baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa makusudi. Na wapo wanaofunga rezista ndogo mahali pa mfuko uliokwishalipuka ili kompyuta idhani kila kitu kipo. Sasa hulipia fundi mwenye mashine aisome kompyuta ya mifuko hiyo, kwa sababu nyingi huhifadhi kumbukumbu ya mgongano, na huivuta mikanda yote hadi mwisho nione kama inarudi kwa ulaini au inakwama.

Kulikuwa bado na gari la kuuza. Dalali mmoja alinipa ushauri ambao bila shaka amewapa wengi: “Wewe uliuziwa hivyo, na wewe uza hivyohivyo.” Nililala na wazo hilo siku mbili. Ripoti ilikuwa bado ya kijani, ningeweza kuinyoosha mkononi kama nilivyonyooshewa mimi, na wanunuzi wengi hawaji na fundi. Tatizo ni kwamba yule kijana aliponiuliza mara ya kwanza nilijibu nisilolijua. Mwingine akiniuliza sasa ningekuwa nadanganya kwa makusudi, na katika nchi nyingi muuzaji anayeficha kwa maneno jambo alilolijua anaweza kudaiwa mahakamani. Nilipeleka gari kwa wataalamu wa bodi wenye meza ya vipimo, wakalifunga na kulinganisha pointi za chini, kulia na kushoto. Sakafu ya nyuma ilikuwa imekatwa na kulehemiwa, lakini mihimili mikuu ilikuwa imenyooka. Kasoro ilikuwa kwenye pembe ya gurudumu la nyuma, wakairekebisha, na tangu hapo tairi likaacha kulika. Unyevu wa buti ulikuwa unapenya kwenye ule mshono, nao wakauziba upya.

Kwenye tangazo niliandika yote hayo na kuweka picha ya mshono. Simu zilipungua sana. Waliopiga walitaka kujua kwanza kwa nini nimesema, kana kwamba lazima kuna kubwa zaidi nililolificha nyuma yake. Hatimaye alinunua mama mmoja aliyekuja na fundi wake, nikampa fundi kipima changu apime mwenyewe, na bei ikashuka kwa karibu moja ya tano chini ya ile niliyoitarajia. Aliniomba karatasi ya meza ya vipimo. Nilimpa ya asili, pamoja na ile ripoti ya kijani, akazitazama zote mbili, akaikunja ya vipimo na kuiweka kwenye droo ya dashibodi pamoja na kitabu cha sevisi. Ile nyingine alinirudishia.