Kabla ya kununua bainda, pima mdomo wake na sindano

Bibu 60 za watoto, zile za kuvaa shingoni wakati wa kula, kitambaa cha taulo mbele, pamba nyuma, ukingo wote uzungushiwe utepe wa kitenge. Mteja anazitaka Jumamosi. Nikasema kazi hii nikiifanya kwa mkono, kwa pini na pasi, nitazeeka nayo. Nikaenda Kariakoo nikanunua bainda. Wengine mnaiita folda. Ni kile kifaa cha bati kinachofungwa kwenye meza ya cherehani, kinaukunja utepe huku na huku na kuuvisha kwenye ukingo wa kitambaa wakati sindano inapita. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi.

Kwenye ukingo ulionyooka, raha tupu. Nikifika kwenye shingo ya bibu, utepe wa juu unashonwa, wa chini unaachwa ukining'inia. Nageuza bibu, naona mdomo umeachama kama wa samaki. Usiku ule nilifumua bibu 23 kwa wembe.

Nililaumu kila kitu. Nikasema uzi umebana, nikalegeza. Nikasema utepe haukukatwa mshazari sawasawa, nikakata mwingine. Nikamlaumu hata binti ninayefanya naye kazi, na hapo nilikosa, nilimwomba radhi. Asubuhi yake ndipo nikachukua rula nikapima kutoka mdomo wa bainda, pale utepe unapotokea ukiwa umekunjwa, hadi sindano inapotua. Milimita 21!

Tangu nilipowasimulia mafundi wenzangu mkasa huo, kadhaa wameniandikia malalamiko yaleyale: kwenye kona inaacha, kwenye kwapa la aproni inaacha, kwenye shingo inaacha. Nikiwauliza umbali wa mdomo na sindano, hakuna aliyewahi kupima. Na wauzaji hawausemi kamwe. Kwa hiyo leo sitawaambia mchague chuma kisicho na kutu, hilo mnalijua. Nitakaa hapa hapa, kwenye mdomo.

Kitambaa kikishatoka mdomoni mwa bainda, hakuna tena kinachokishika mpaka kifike chini ya mguu wa cherehani unaokibana. Kwenye mstari mnyoofu haina neno, maana kinaelekea kulekule. Kwenye mviringo ukingo unakwenda zake pembeni huku utepe ukitaka kunyooka. Chukua bakuli lenye upana wa sentimita 10, lichore, ndiyo karibu shingo ya bibu. Mdomo ukiwa milimita 10 kutoka kwenye sindano, ukingo unakuwa umekengeuka milimita 1 tu. Ukiwa milimita 20, umekengeuka milimita 4. Umbali umeongezeka mara mbili, makosa yameongezeka mara nne. Sasa kama utepe wako uliokwisha kukunjwa una upana wa milimita 8, hizo 4 ni nusu yake. Sindano itakamata nini?

Kipimo changu: njiti tano za kiberiti, zilazwe ubavu kwa ubavu, ni kama milimita 10. Mdomo na sindano zisiachane zaidi ya hapo kama unashona mviringo. Huna rula dukani? Nunua kiberiti.

Kwa nini yangu ilikuwa 21? Kwa sababu mguu wa kawaida wa cherehani ni mpana, unaizuia bainda isisogee. Bainda inahitaji wenzake watatu: mguu uliokatwa ubavuni ili mdomo uingie karibu, bamba la sindano, kile kibati chenye tundu sindano inamoingia, lililochongwa kwa ajili hiyo, na meno membamba ya kusukuma kitambaa yanayolingana na bamba hilo. Ukinunua bainda peke yake umenunua kata bila mtungi. Nami ndivyo nilivyouziwa.

Sasa mpangilio wangu. Mimi natumia Juki DDL-8700, ile ya sindano moja ambayo utaikuta kwa mafundi wengi mjini, na haya yote nayapima kwayo.

Ya kwanza ni Suisei, bainda ya Kijapani aina ya A10, ile ambayo utepe unaingia kutoka ubavuni, pembe mraba na njia ya mshono, ukakunjwa kingo zote mbili. Sifichi, mimi ni mtu wa Suisei. Midomo yake ni myembamba, imesuguliwa mpaka ndani, na ya juu na ya chini zimekaa hivi kwamba upande wa chini wa utepe unatokeza kidogo kuliko wa juu. Huko kutokeza kidogo ndiko kunakookoa, maana fundi anaona upande wa juu tu. Wa chini anaushona kwa imani. Ninayo ya utepe wa milimita 32, inatoa ukingo wa milimita 8. Nikiiweka na mguu wake na bamba lake, mdomo unakaa milimita 7 kutoka kwenye sindano. Shingo ya bibu inapita kama maji. Niliipata kwa kumtuma shemeji Dubai, na bei yake ilinifanya nikae kimya kwa muda. Sijutii.

Ya pili ni A10 za kuiga, ndizo zilizojaa madukani. Namba ileile, umbo lilelile, na muuzaji atakuapia kuwa ni ya Japani. Si mbaya zote. Nimeona moja kwa rafiki yangu wa Mbagala inashona vizuri kuliko inavyostahili. Ila usiichukue bila kupitisha utepe wako palepale dukani: kata ncha iwe kali kama mkuki, isukume ndani, ivute kwa koleo upande wa pili. Ikikwama au ikitoka na nyuzi zimechomoka, ndani kuna makali ambayo hayakusuguliwa. Msasa laini unaweza kusaidia, lakini kwa nini ulipe halafu ukamalizie kazi ya kiwanda? Nyingi pia zina bawaba, unaizungusha bainda pembeni ukitaka kushona kawaida. Ishike kwa vidole uitikise. Ikicheza, leo utaiweka milimita 8, kesho itakuwa 11, na wewe utalaumu uzi.

Ya tatu ni ile iliyonyooka, utepe unaingia kutoka mbele. Kwa mabegi ya shule na utepe uliofumwa tayari, ambao hauhitaji kukunjwa kingo, hiyo inatosha kabisa, na hata umbali wa mdomo hauna ugomvi mkubwa kwa sababu mishono mingi ni minyoofu. Usiipeleke tu kwenye shingo.

Kwa wanaoshona mabegi mazito au ngozi, mjue kuna mashine kama Juki LS-1341, yenye mkono mwembamba badala ya meza, ambazo hufungwa bainda inayotembea pamoja na sindano: sindano ikisogea na kitambaa, bainda nayo inasogea. Mdomo unakaa karibu kabisa na sindano muda wote. Nimeiona ikifanya kazi mara moja tu, nikarudi nyumbani nikaiangalia yangu kwa dharau kwa siku mbili.

Za bei chee, vile viguu vya bainda vya Butterfly na Singer za nyumbani vyenye skrubu ya kurekebisha upana: kwa mapazia sawa. Basi.

Nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe. Utepe unaokunjwa kingo zote mbili hupimwa takribani robo: utepe wa inchi 1 unatoa ukingo wa robo inchi, wa inchi 2 unatoa nusu inchi. Ukimwomba muuzaji bainda ya inchi moja, mmoja atakupa inayoingiza utepe wa inchi moja, mwingine atakupa inayotoa ukingo wa inchi moja, ambayo utepe wake ni mpana kuliko mkanda wa suruali. Wote wawili watasema "ndiyo hiyo hiyo, bosi." Taja namba zote mbili, ya kuingia na ya kutoka. Na nenda na kipande cha kitambaa chako kikiwa na tabaka zake zote, taulo na pamba pamoja, kipite kwenye mfereji wa bainda, pale ukingo unapopita. Bainda ya shati haitameza taulo.

Halafu skrubu. Meza ya Juki ina matundu ya kufungia vifaa upande wa kulia wa bamba, na nyuzi zake, ile mikato ya kukazia skrubu, ni za kipimo cha inchi: unene 11/64 ya inchi, nyuzi 40 kwa inchi. Bainda yangu ya kwanza ilikuja bila skrubu. Nikamuuliza muuzaji, akanielekeza duka la vifaa vya ujenzi. Skrubu ya huko ya milimita 4 inaingia, inacheza, ukiikaza kwa bisibisi inakula nyuzi za tundu. Tundu la meza likishaharibika, hilo si la bainda tena, ni la cherehani nzima. Muuzaji wa vifaa vya cherehani asiyejua hilo anafanya nini nyuma ya kaunta?

Ukishaipata, ifunge cherehani ikiwa imezimwa. Zungusha gurudumu kwa mkono mizunguko kumi, uhakikishe mguu na meno havigusi mdomo. Sogeza bainda kushoto au kulia mpaka sindano itue milimita 1 hadi 1.5 ndani ya ukingo wa utepe. Shona utepe mtupu sentimita 5, ugeuze uangalie chini, ndipo uingize kitambaa. Urefu wa kila mshono uwe milimita 2.5 au 3. Roli la utepe liwe juu ya msumari unaozunguka kwa urahisi; utepe wa mshazari ukivutwa unakuwa mwembamba, na upande wa kwanza kuachwa ni ule wa chini.

Bibu zangu nilizimaliza Jumatatu, siku mbili baada ya ahadi, na punguzo nililolipa mwenyewe. Kabla ya hapo nilirudi dukani na rula yangu. Yule kijana akanitazama napima bainda moja baada ya nyingine. "Dada, kwani unatafuta nini?" Nikamweleza mguu uliokatwa ubavu, bamba, na meno membamba. Akainama, akavuta droo iliyokuwa hatua moja kutoka pale aliposimama siku aliyoniuzia, akatoa vyote vitatu vikiwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni uliobanwa pini. Bei yake ilizidi ya bainda yenyewe. Nikamuuliza mbona hakuniambia siku ile.

"Hukuuliza, dada."