Nilimpelekea kabati la bibi, akanirudishia kabati la mtu mwingine

Nimejizuia kuandika haya kwa wiki kadhaa, nikitumaini hasira itashuka. Haijashuka, basi naandika hivyo hivyo.

Bibi alipofariki, vyombo vyake vilinifikia mimi: kitanda cha mbao chenye kitakizo cha kuchonga, viti viwili, na kabati lake la droo. Wapo katika ukoo waliosema vikatwe kuni. Mimi nilikuwa na chumba cha wageni kitupu, nikasema vitakaa humo, mgeni wangu alale alipokuwa akilala bibi. Nikaulizia fundi wa samani za kale, nikaelekezwa kwa mmoja anayesifiwa sana. Jina lake sitalitaja. Kuna siku natamani kila mtu amjue, na kuna siku natamani asiguse tena ubao wa mtu.

Nianze na haki yake, maana anayo. Viti vilikuwa vinayumba, na chini ya kimoja kulikuwa na vitundu vingi vidogo, upana wa milimita 1 au 2. Mimi nilishakata tamaa. Yeye akatandika karatasi nyeusi chini ya kiti, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Niliporudi, juu ya karatasi kulikuwa na unga mpya, mlaini, umeanguka katika vichuguu viwili vidogo. Akanieleza kwamba kitundu ni mlango wa mdudu aliyekwisha kukomaa na kuondoka. Anayekula mbao ndani kwa miaka ni funza wake. Kitundu peke yake hakikwambii kama bado wamo. Unga mpya ndio unaokwambia. Akavitibu viti vyote viwili.

Kisha akafungua viungo kwa maji ya moto na subira, bila kuvunja hata ulimi mmoja, kile kichwa cha ubao kinachoingia kwenye tundu la mwenzake. Gundi ya zamani ilitengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulainika ikipata joto na unyevu. Akaviunganisha tena kwa gundi ya aina ile ile, ili atakayekuja kuvitengeneza baada yetu naye aweze kuvifungua. Nimekikalia kile kiti, nikaegemea kwa uzito wangu wote, hakikutoa hata mlio. Kitanda nacho kilikuwa kifupi kwa godoro la siku hizi. Akatengeneza mifumbati, zile mbao za ubavuni, mirefu zaidi, na ile ya zamani akanirudishia imefungwa kwa kamba, akisema nisiitupe. Nilimshukuru mpaka nikaona haya.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelifanya kabati la bibi alivyolifanya! Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa kumsamehe. Angekuwa hajui kazi, ningesema hajui.

Lile kabati lilikuwa na rangi ya asali iliyokaa muda mrefu. Ukingo wa juu kwa mbele ulikuwa umelika kidogo, umeingia ndani kama alama ya kiganja, kwa sababu droo ya pili ilikuwa ngumu na bibi alizoea kuegemeza mkono wa kushoto pale huku wa kulia ukivuta. Miaka yote ile, mkono ule ule, mahali pale pale. Nilimwonyesha fundi. Nilimwambia kwa kinywa changu: hapa usipaguse.

Nilipokwenda kulichukua, sikulitambua. Limepigwa msasa lote, limekuwa jeupe kama mbao iliyotoka kupasuliwa leo, na juu yake vanishi nene inayong'aa kama plastiki. Ule ukingo ameupiga randa mpaka umenyooka. Karibu na mguu wa kushoto, msasa umepenya ule ubao mwembamba wa juu na ubao mwingine wa chini umechungulia, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikasimama pale nikipitisha kidole kwenye ukingo, nikitafuta ile alama. Hakuna.

Nikamwambia, "Fundi, tulikubaliana nini?"

Akajibu bila hata kuacha kazi aliyokuwa nayo: "Dada, nyinyi mnaleta vitu vichafu, vikisafishwa mnalia."

Vichafu. Mbele ya vijana wake, nao wakacheka.

Sasa sikilizeni. Droo ndogo ya juu sikuipeleka, kwa kuwa ilikuwa imejaa karatasi za bibi na sikuwa na moyo wa kuzitoa. Nilipofika nyumbani nikachukua pamba, nikaitia tone la spiriti, nikaigusisha upande wa nyuma wa uso wa ile droo, mahali pasipoonekana. Baada ya muda mfupi pakanata kidoleni. Hiyo ni shelaki, utomvu wa mdudu, waliyokuwa wakiipaka watu wa zamani, na spiriti huiyeyusha hata ikiwa imezeeka. Maana yake lile kabati halikuhitaji msasa hata kidogo! Lingesafishwa, likapitishwa kitambaa chenye spiriti taratibu, ile ile shelaki ya zamani ingelainika, ikatandaa na kukauka upya, na mkono wa bibi ungebaki ulipokuwa. Jaribio la tone moja. Aliyetandika karatasi nyeusi chini ya kiti alishindwa nini?

Nilimpigia simu. Sikutaka pesa, nilitaka aseme samahani. Akasema, "Lete na hiyo droo niipige msasa zifanane."

Nikakata simu.

Nilikuwa nimeshaamua kuandika kwamba msimwendee kabisa. Lakini wiki hii amelala mgeni katika kile kitanda, mtu mzima mwenye mgongo mbovu, na asubuhi aliniuliza ni nani aliyekitengeneza, kwa sababu hakikulia usiku kucha. Nikamjibu kweli. Shangazi naye ana kiti chake cha kale, mguu umelegea, ameniuliza nimpeleke kwa nani. Nimesema nitampeleka kwake, nami nitakaa pale pale mpaka amalize. Akishika msasa tu, tunabeba kiti chetu.

Ile droo nimeirudisha mahali pake. Kabati zima jeupe, yenyewe rangi ya asali. Nimeisugua nta kidogo chini, sasa inateleza.

Haifanani na zingine, na sitaki ifanane.