Ziara ya mtandaoni ya gereza la Robben Island: tamu kuitembelea, haitoshi kuwa kumbukumbu

Google waliitoa mwaka 2015 wakishirikiana na jumba la makumbusho la kisiwa hicho cha Afrika Kusini. Ni bure, na kivinjari kinatosha. Unatembea ndani ya picha za nyuzi 360, ukiongozwa na mtu aliyewahi kufungwa humo: machimbo ya chokaa, ua, kisha Sehemu B alikofungwa Nelson Mandela, ambaye kati ya 1964 na 1982 alikuwa kisiwani hapo.

Kama ziara, tunaipa 4 kati ya 5. Itazameni kwenye kompyuta ikiwezekana. Kwenye simu yenye mtandao wa kusuasua picha huja na ukungu kwanza. Ngoja itulie ndipo ukuze, la sivyo unakula bando bure.

Kama hifadhi ya urithi, 2, na tumekuwa wakarimu. Picha hizi hazipimiki. Lipu ikibanduka kesho, hakuna atakayejua kutoka humu ilikuwa nene kiasi gani. Halafu kuna nondo za chuma za seli. Kamera ya 360 ina lenzi kadhaa, na kila moja huiona nondo ya karibu kutoka pembe yake. Programu ikiunganisha picha, ukuta wa mbali hukaa sawa lakini nondo huweza kukatika au kuonekana mbili. Seli yenye upana wa mita 2 na ushee haimpi mpigapicha nafasi ya kurudi nyuma.

Kazi ya hifadhi yenyewe huanza na skana ya leza, yaani kifaa kinachopima umbali kwa mwanga, hasa kwa kuta zilizopakwa rangi moja, kwa sababu programu ya kujenga umbo kutokana na picha hukosa alama za kulinganisha hapo. Picha ziachiwe milango, makomeo na maandishi ya wafungwa: zipishane kwa asilimia 60 hadi 80, pamoja na rula na kadi ya rangi. Mafaili ghafi yatunzwe nakala tatu, moja nje ya jengo, na wingu la nukta, yaani vipimo vilivyotoka kwenye skana, liwe katika muundo wa faili ulio wazi kama E57. Muundo wa kampuni moja hufa na kampuni yake.

Fort Jesus, Mombasa, nayo ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na chumvi ya bahari inaila vilevile. Atakayeagiza kazi ya namna hii huko adai data ghafi kwenye mkataba. Kiungo cha ziara pekee asikipokee.