Geji ya presha: ya mshale au ya dijitali?

Kwa bei, ya mshale inashinda bila ubishi. Ndani yake mna bomba jembamba lililopinda, alilolipatia hataza Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Presha ikipanda, bomba hutaka kunyooka na kuusukuma mshale. Haihitaji betri wala umeme, na hata ukiwa mbali kidogo unaona mshale umeingia eneo jekundu. Adui yake ni mtetemo: karibu na pampu, meno ya gia za ndani hulika na mshale hucheza hadi hausomeki. Ndiyo maana nyingine hujazwa gliserini, kimiminika kizito kinachotuliza mshale.

Ya dijitali huonyesha mabadiliko madogo ambayo jicho haliyapati kwenye mshale, na nyingi hutunza kiwango cha juu kilichofikiwa. Kwa anayetafuta uvujaji wa polepole, hapo hakuna mjadala. Lakini betri ikiisha, huna kipimo.

Zote mbili hudai kuhakikiwa mara kwa mara kwa kipimo cha kuaminika. Desimali nyingi zisikudanganye. Boila inayowaka mchana na usiku ningeiwekea ya mshale. Fundi anayezunguka kukagua mifumo, abebe ya dijitali, na betri za akiba.